Kabla Uulize Ni Nani, Uliza Ni Saa Ngapi: Mwongozo Kamili wa Kuelewa Mudi Yako

Kwa miezi kama minne hivi nyumba yetu ilikuwa na vita kila jioni kati ya saa 1 na saa 2. Tunakaa Umoja hapa Nairobi, mimi nauza vitambaa kwa duka moja tao, nafika nyumbani nikiwa nimekwama jam ya Jogoo Road karibu saa nzima, naingia tu mlangoni naona viatu vya mtoto vimetupwa hapo katikati na moto unawaka hapo hapo. Mume wangu anajibu, mimi namjibu, mtoto ananyamaza anaenda kukaa chumbani. Kwa kichwa yangu nilikuwa nimeshaamua shida ni ndoa, na ushahidi nilikuwa nao, kila jioni unaongezeka.

Sasa siku moja pale steji ya Muthurwa nikingoja gari ijae nikanunua mayai mawili ya kuchemsha na kachumbari, nikakula nimesimama. Nikafika nyumbani viatu viko palepale. Sikuskia chochote. Nikaviokota nikaviweka kando nikaendelea na maisha. Usiku huo nilikaa macho sana juu nilishtuka, kumbe hii miezi yote nilikuwa nafika kwa mlango bila kitu tumboni tangu saa 6 mchana, chai tu na sukari. Sisemi ndoa haina shida zake, iko nazo kama ya mtu yeyote, lakini nilikuwa nachagua kuzipigania saa ile mwili wangu umeisha kabisa.

Hapo ndipo nilianza kufuatilia hii mambo kwa makini, na ndio naandika haya yote. Mudi mbaya ikifika, kitu cha kwanza inafanya ni kutafuta mtu wa kulaumu. Inaangalia nani yuko karibu, inampata bwana, bibi, mtoto, bosi, makanga, na inakuletea sababu nzuri kabisa za kumkasirikia. Kwa hivyo kabla uulize ni nani amekukosea, uliza ni saa ngapi, ulikula saa ngapi, ulilala saa ngapi, na leo ni tarehe ngapi. Ukishajibu hizo na bado yule mtu amekukosea, sawa, muongee. Mara nyingi utakuta kosa limepungua nusu.

Hatua ya 1: Jua unashika nini

Hisia na mudi ni vitu viwili. Hisia iko na anwani: makanga amekuzidishia nauli, umekasirika, umeshuka, baada ya muda imepita. Mudi haina anwani, unaamka nayo tu, inakaa masaa ama siku nzima, na inapaka rangi kila kitu unachokutana nacho. Ndio maana mtu anakuuliza "mbona umenuna?" na wewe kwa ukweli kabisa unasema "hakuna kitu", juu hakuna kitu kimoja unaweza kuonyesha kwa kidole.

Mudi kupanda na kushuka kwa siku ni kawaida ya binadamu mzima. Mchana saa 7 hadi saa 9 wengi hushuka kidogo ata kama wamelala vizuri, ni saa ya mwili tu inafanya kazi yake. Kwa hivyo usianze hii safari ukitaka mudi iwe sawa siku zote, hiyo hakuna mtu anayo. Unataka kujua yako inaenda aje ndio isikushike bila habari.

Hatua ya 2: Pima vitu viwili, sio kimoja

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na mimi nilikosea miaka mingi. Tunapima mudi kwa mstari mmoja, poa ama mbaya. Mwanasaikolojia James Russell mwaka wa 1980 aliandika kwamba hali za moyo zinaeleweka vizuri ukiziweka kwa mistari miwili: moja ni uzuri na ubaya, ya pili ni nguvu, yaani mwili umewaka kiasi gani.

Kwa nini ni muhimu? Juu kuna "vibaya" mbili ambazo hazifanani ata kidogo. Kuna vibaya ya nguvu juu: hasira, wasiwasi, moyo unapiga, taya zimekazwa, unataka kutuma meseji sasa hivi. Halafu kuna vibaya ya nguvu chini: huzuni, uchovu wa roho, kitanda kinakuita, simu ikilia unaiangalia tu mpaka inyamaze. Ya kwanza inataka kutulizwa, ya pili inataka kusukumwa polepole. Ukizichanganya unaharibu. Mtu wa wasiwasi akiongeza kahawa tatu ili ajikaze anazidi kutetemeka, na mtu ambaye nguvu imeisha ukimwambia "pumzika tu" wikendi nzima, Jumatatu anaamka amezama zaidi ya Ijumaa.

Kwa hivyo jipe alama mbili. Uzuri kutoka 1 hadi 5, nguvu kutoka 1 hadi 5. Jioni zangu za vita zilikuwa uzuri 1, nguvu 5. Jumapili jioni yangu ni uzuri 2, nguvu 1. Hizo ni shida mbili tofauti kabisa na nilikuwa naziita zote "stresi".

Hatua ya 3: Daftari ya wiki 3

Tafuta kadaftari kadogo, kale ka shilingi chache cha watoto wa shule kanatosha. Mimi niliandika nyuma ya kitabu cha deliveri cha duka. Programu za simu ziko, lakini shida ya simu ni kwamba ukiifungua kuandika mudi unakutana na meseji 40 za grupu na mudi inabadilika kabla uiandike.

Andika mara tatu kwa siku, asubuhi ukiamka, mchana baada ya lanchi, jioni ukifika nyumbani. Kila mara, mstari mmoja tu: saa, uzuri, nguvu, umekula nini na saa ngapi, ulilala masaa mangapi, na ni nini kilikuwa kinaendelea. Wanawake ongezeni siku ya hedhi, siku ya kwanza ya damu ndio siku ya 1. Mfano kutoka kwangu:

Jumanne saa 1:20 jioni. Uzuri 1, nguvu 5. Chakula saa 6, ndengu na chapo moja. Chai 3. Usingizi masaa 5. Siku ya 25. Viatu tena.

Usiandike insha. Ukianza kuandika kurasa mbili utaacha siku ya nne, nimeona kwa dada yangu. Na usisome nyuma kabla wiki 3 kuisha, juu ukisoma mapema unaanza kuandika kile unatarajia. Ukikosa siku moja usirudi kuijaza kwa kukumbuka, iache wazi uendelee.

Baada ya wiki 3 chukua kalamu ya rangi uzungushie zile alama za 1 na zile za 5 za uzuri. Ndio, ata za uzuri, watu husahau hizo. Halafu angalia zile zimezungushiwa zinafanana wapi. Mimi niliona jioni mbaya 11, na 9 kati ya hizo sikuwa nimekula kitu tangu saa 6 au saa 7. Asubuhi nzuri karibu zote zilikuwa zile siku nilishuka Muthurwa nikatembea mpaka kazini badala ya kungoja gari isogee. Hiyo sikuwa naijua kabisa, na singeambiwa na mtu nikaamini.

Hatua ya 4: Uliza mwili kwanza

Hii ndio hatua ndefu juu hapa ndipo majibu mengi hukaa.

Chakula. Ubongo unatumia sukari ya damu kama mafuta, na ikishuka mwili unatoa homoni za kuamsha, adrenalini na kotisoli, zile zile za hasira na hofu. Kwa hivyo njaa ya kweli inaweza kuvaa nguo za hasira na usiijue. Chai ya maziwa yenye sukari na mandazi inapandisha haraka na kwa wengi inashuka haraka pia. Kitu cha kukaa ni kile kina protini ama nyuzi: yai, maharagwe, ndengu, githeri, karanga, ndizi na karanga pamoja. Si lazima iwe ghali. Saa 10 jioni, kabla ya kuingia kwa gari, tia kitu tumboni, ata kama utakula sapa saa 2. Kama uko na kisukari usibadilishe mpango wako wa chakula kwa sababu ya haya maneno, ongea na daktari wako kwanza.

Usingizi. Mtu mzima anahitaji angalau masaa 7. Sasa hebu tuongee ukweli wa hii Nairobi: mtu wa Rongai ama Kitengela anaamka saa 10 na nusu alfajiri, anarudi saa 3 usiku, anapika, anaosha, anakaa na simu kidogo ndio aone pia yeye ameishi, anafunga macho saa 6. Hayo ni masaa manne na nusu. Halafu anajiuliza mbona analia ofisini. Siwezi kukuambia uhame, lakini angalia zile dakika za mwisho usiku, kwa wengi hapo ndipo saa moja imefichwa. Simu ichajiwe mbali na kitanda. Na Jumamosi usilale mpaka saa 5 mchana kulipa deni lote, saa ya mwili inachanganyikiwa na Jumapili usiku usingizi unakataa. Afadhali ulale mapema Ijumaa.

Kafeini. Kwa mtu mzima wa kawaida, masaa kama 5 baada ya kunywa, nusu ya kafeini bado iko mwilini. Kahawa ya saa 11 jioni bado inakufanyia kazi saa 4 usiku. Chai ina kidogo kuliko kahawa lakini vikombe vinne ni vikombe vinne. Na hapa lazima niseme miraa na muguka, juu vijana wengi wa mtaa wangu wako hapo: ile kitu inaitwa kathinoni ndani yake inakupandisha, unaongea, dunia ni yako, halafu ikiisha unashuka chini ya pale ulikuwa, umekosa usingizi na umekosa hamu ya chakula. Hizo ni sababu tatu za mudi mbaya kwa siku moja. Mtu akiniambia ako na mudi mbaya kila asubuhi na anatafuna kila jioni, mimi siendi mbali kutafuta.

Pombe ni hivyo hivyo kwa njia ingine. Inakuletea usingizi haraka halafu inauvunja nusu ya pili ya usiku, na kesho yake unaamka na ule wasiwasi wa bure, moyo unakimbia na hakuna kitu umefanya.

Hedhi. Siku chache mpaka wiki mbili kabla ya damu, homoni zikibadilika, wanawake wengi huskia hasira karibu, machozi karibu, mwili mzito, na inaisha siku chache baada ya damu kuanza. Hiyo si tabia mbaya na si kukosa adabu, na wanaume mnaosoma, kumwambia mtu "ni hizo siku zako" katikati ya mabishano hakusaidii mtu, ata kama ni kweli. Kama kila mwezi inafika mahali unashindwa kwenda kazi ama unaona maisha hayana maana, kuna hali inajulikana na iko na matibabu, peleka daftari ya miezi miwili kwa daktari, itamsaidia kuliko maneno. Na ukianza dawa mpya ya kupanga uzazi ama dawa yoyote, andika tarehe kwa daftari. Ukiona mudi imebadilika baada ya hapo rudi ukaulize, usiache dawa mwenyewe.

Mwangaza. Hii nilipuuza. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linachomoza saa 12 na kitu mwaka mzima, lakini wengi tunatoka nyumbani giza, tunaingia kwa duka lenye taa, tunatoka giza. Mwangaza wa asubuhi ndio unaweka saa ya mwili. Halafu ikifika Julai, lile wingu la Nairobi linakaa siku nyingi bila kupasuka, kila mtu ameingia kwa jaketi na amenyamaza. Ata siku ya wingu mwangaza wa nje unashinda taa za ndani mara nyingi sana, kwa hivyo dakika 20 nje kabla ya saa 4 asubuhi, ukitembea, unasaidia. Shuka steji moja kabla. Kama lanchi yako iko na nafasi, kaa pale bustani ya Jeevanjee badala ya nyuma ya kaunta.

Hatua ya 5: Uliza kalenda

Pesa iko na mudi yake na inafuata tarehe. Tarehe 28 hadi 30 mtaa wote unacheka. Tarehe 3 hadi 6 kodi imeenda, karo inaitishwa, tokeni za stima zimeisha, na hapo ndipo programu za mikopo zinaanza kutuma meseji. Angalia kwa daftari yako kama vita za nyumbani hazikai hapo. Kwetu zilikuwa zinakaa hapo kabisa. Tulichofanya ni kuhamisha maongezi ya pesa, sasa hatuongei pesa usiku, ni Jumamosi asubuhi baada ya chai, karatasi mezani, nusu saa. Pesa haijaongezeka. Lakini hatulali tukiwa tumepeana migongo.

Na Jumapili jioni, kama unaskia moyo unashuka kama jiwe kuanzia saa 11, ni Jumatatu inaingia mapema. Fua, nyoosha nguo na upange lanchi Jumamosi, halafu Jumapili jioni weka kitu kidogo unapenda na watu.

Hatua ya 6: Ipe jina lake

Hapa kwetu mtu akiulizwa "uko aje" anajibu "poa", na akiwa vibaya kabisa anajibu "niko tu". Halafu yote tunaita stresi. Lakini Kiswahili kimetupa maneno mengi sana ya ndani: uchungu, kinyongo, wivu, aibu, upweke, majuto, wasiwasi, simanzi, kukata tamaa, kuchoka roho, kisirani. Kinyongo si hasira, kinyongo ni hasira imelala. Upweke si huzuni, mtu anaweza kuwa mpweke kwa nyumba ya vyumba viwili yenye watu saba.

Kutaja kunasaidia mwili wenyewe. Mwaka wa 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles walionyesha watu picha za nyuso zenye hisia wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo, na wakati watu walichagua neno la ile hisia, amigdala, ile sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, ilitulia. Kwa hivyo sema kwa sauti ama moyoni, "hii ni aibu, bosi alinisema mbele ya wateja". Ukipata neno sawa utaskia mabega yakishuka kidogo.

Hatua ya 7: Ikishafika, fanya hivi

Kama nguvu iko juu: kwanza mikono mbali na simu. Hakuna meseji, hakuna voisi, hakuna status ya mafumbo. Andika kwa daftari kama lazima uandike. Halafu pumua, vuta kwa pua ukihesabu 4, toa polepole ukihesabu 6, dakika 5. Hizo zinakuwa pumzi kama 6 kwa dakika wakati kwa kawaida mtu hupumua 12 hadi 20. Ukitoa pumzi moyo hupunguza mwendo kidogo, ndio maana kutoa kunakuwa kurefu kuliko kuvuta. Inafanyika ata ndani ya matatu yenye muziki wa kutingisha madirisha, macho wazi, hakuna mtu atajua. Mimi hufanya kuanzia pale gari linasimama kabisa Jogoo Road. Ukimaliza, kula kitu, halafu ndio uamue kama ile meseji bado inafaa.

Kama nguvu iko chini: usingoje kuskia hamu. Hii ndio kitu ngumu kukubali. Tunadhani hamu inakuja kwanza halafu mtu anafanya, lakini mudi ikiwa chini inafanya kazi kinyume, unafanya kidogo halafu hamu inakuja nyuma yako ikikokota. Mwanasaikolojia Peter Lewinsohn huko Marekani miaka ya 1970 alijenga matibabu ya depresheni juu ya jambo hili, kumrudisha mtu polepole kwa vitu vinavyompa raha ama maana. Kwa hivyo chagua kitu cha dakika 10. Osha sufuria mbili. Teremka ngazi mpaka dukani ununue nyanya na umsalimie mama mboga kwa jina. Oga. Mpigie mtu mmoja simu, kupiga, si kutuma emoji. Ukimaliza dakika 10 na bado hutaki kuendelea, acha, umeshafanya.

Andaa orodha yako ya vitu vitano ukiwa sawa, juu ukishakuwa chini kichwa hakitakupa ata kimoja.

Hatua ya 8: Waambie watu wa nyumba

Sentensi moja inatosha: "Leo niko vibaya, si nyinyi, nipeni nusu saa nitakuja." Kwa mtoto hii ni muhimu kuliko kwa mtu mzima, juu mtoto akiona mzazi amenuna huamini ni yeye amekosa. Mtoto wangu aliniambia siku moja alikuwa anajua nimefika kwa venye nafungua kufuli, akiskia nimeifungua kwa nguvu anaenda chumbani. Hiyo iliniuma na bado inaniuma.

Na ukishalipuka, omba msamaha kwa kitu chenyewe: "nilikupigia kelele kwa sababu ya viatu, haikuwa haki." Usiseme "pole kama ulikasirika".

Hatua ya 9: Mawazo yanayozunguka

Kuna mudi haitoki kwa tumbo wala kalenda, inatoka kwa kufikiria kitu kimoja usiku kucha. Huku kwetu tunasema mtu "ako na mawazo". Washona wa Zimbabwe wanasema kufungisisa, kufikiria kupita kiasi. Daktari Dixon Chibanda mwaka wa 2006 huko Harare alianza kazi na nyanya 14, akawafundisha kukaa na watu kwa benchi karibu na kliniki na kusikiliza. Utafiti uliotoka mwaka wa 2016 ulionyesha waliokaa na hao nyanya walikuwa na dalili kidogo miezi sita baadaye kuliko wale waliopata huduma ya kawaida.

Wanachofanya unaweza kuiga mezani kwako na mtu unayemwamini. Taja shida zote, ata ziwe 15. Chagua moja tu. Sema njia zote za kuisogeza, ata za ajabu. Chagua hatua moja ya wiki hii, na siku, na saa. Mkutane tena mseme ilienda aje. Yule anayesikiliza asikimbilie kutoa ushauri, na asianze na "ata mimi".

Wakati si mudi ya kawaida tena

Nisomee hapa polepole. Kama uko chini ama vitu ulivyopenda havikupi raha tena, sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki 2, hiyo si mudi tena, enda uonwe. Kama siku kadhaa mfululizo umelala masaa matatu na huskii uchovu, unaongea mbio, unatumia pesa ovyo, mipango mikubwa inakujia usiku, enda uonwe pia, ata kama unaskia vizuri kuliko siku zote. Kama umejifungua na machozi yamepita wiki 2, enda. Ukienda mwambie daktari aangalie damu na thairoidi, ile tezi ya shingoni, juu upungufu wa damu na thairoidi iliyolegea zote zinaweza kufanana na huzuni.

Anza na kituo cha afya cha kaunti kilicho karibu, watakuandikia kwenda mbele ikihitajika. Hospitali ya Mathari iko Thika Road, na watu huenda kliniki mchana na kurudi nyumbani, si lazima ulazwe. Kama unaomba, endelea kuomba, kliniki na maombi havigombani.

Na kama mawazo ya kujiua yanakuja, usikae nayo peke yako ata usiku huu mmoja. Piga 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ni bure, ama Befrienders Kenya 0722 178 177. Kama umeshafika karibu, enda hospitali yoyote kwa sehemu ya dharura na mtu akusindikize. Zamani watu waliogopa kusema juu ya sheria, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kile kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinaenda kinyume na katiba. Na kama ni rafiki unamshuku, muulize wazi, kwa hilo neno lenyewe. Kumuuliza hakumpandii hiyo fikra, kunampa mlango.

Baada ya wiki 3

Acha kuandika kila siku, hakuna haja ya kujipima maisha yote, mwishowe unaanza kujiangalia sana mpaka inakuwa mudi ingine. Toa kwa daftari sheria tatu ama nne tu za kwako, uziandike kwa karatasi mahali zitaonekana. Rudia ile daftari maisha yakibadilika: kazi mpya, mtoto mpya, kuhama, msiba.

Yetu iko jikoni, imebandikwa juu ya gesi. Kula saa 10. Pesa ni Jumamosi asubuhi. Siku tano kabla ya hedhi usimjibu bosi siku hiyo hiyo. Na chini mume wangu aliongeza yake kwa kalamu nyekundu: nikitoka shifti ya usiku, mambo ya karo tuongee nikishaamka.